Neno Nililoliweka Juu ya Jiwe la Wakwe

Jumanne, 3 Februari

Miguu imevimba tena. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nimemeza dawa ya kutoa maji kabla ya uji. Hilda, mke wa mwanangu, aliniwekea ndoo bafuni na kopo la kuogea. Nimeoga nimekaa kwenye stuli.

Halafu kazi. Kitabu cha nasaba za maneno ya jiografia kimefika herufi K. Nilikianza nilipostaafu ualimu. Hakuna anayekisubiri. Naandika kwa sababu asubuhi ni ndefu, na kwa sababu bado napenda kujua neno lilizaliwa wapi na lilipita kwa nani.

Leo kopje. Wanafunzi hulikariri bila kujua wamelitoa wapi: kilima kidogo cha mawe makubwa, kilichobaki baada ya mvua za karne nyingi kuosha udongo wa pembeni. Hapa Igogo tumejenga juu ya vilima hivyo. Waingereza waliliazima kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Kop ni kichwa, kopje ni kichwa kidogo. Nyuma ya kop kuna neno la Kilatini, cuppa, yaani kikombe. Wajuzi wanadhani watu wa kaskazini mwa Ulaya waliita fuvu la mtu kikombe, labda kwa mzaha, na mzaha ukazoeleka ukawa jina. Wareno nao walichukua cuppa hiyohiyo wakafanya copo, wakaileta pwani yetu, nasi tukapata kopo. Kwa hiyo kopo la bafuni na vilima vya Mwanza ni mtu na binamu yake.

Zamani habari kama hii ingenifurahisha siku nzima. Leo nimeiandika, nikaweka kalamu chini. Kuna kopje moja ambayo sipendi kuikumbuka.

Jumatano, 4 Februari

Shija amepiga simu. Ni mdogo wa marehemu mke wangu Kabula. Yuko ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kwenye ardhi ya ukoo wao.

Nilijua kidogo kidogo habari za mgogoro. Sasa najua zote. Mwekezaji wa kokoto anapasua jiwe kubwa la ukoo kwa baruti. Chini ya jiwe hilo wamezikwa wazee wao, baba mkwe wangu akiwa mmoja wao. Hapo ndipo wanapomimina unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, mvua zikichelewa au mtoto akizaliwa kwa shida. Ukoo umelalamika kwenye baraza la ardhi. Mwekezaji anasema ni pori la mawe, halina mwenyewe wala jina.

Shija alikuwa na silaha moja. Ramani. Baba yake aliihifadhi sandukuni imeshonewa ndani ya kitambaa cheupe, akawaambia wanawe: siku ardhi ikigombaniwa, itoeni, jiwe letu limeandikwa na serikali. Hawakuwahi kuifungua. Jumatatu Shija aliipeleka barazani, akakata nyuzi mbele ya watu. Wakili wa mwekezaji akasoma. Mahali pa jiwe pana neno moja tu. Kopje.

"Akaniuliza huyo Kopje ni babu yangu wa ngapi," Shija amesema. "Watu wakacheka, shemeji. Mwenyekiti mwenyewe alifunika mdomo."

Kisha akauliza nililokuwa naliogopa. "Wewe si ndiye uliyekuwa unakusanya majina ya ramani? Hilo neno lilifikaje pale?"

Nimemwambia mtandao unasumbua. Nikakata.

Ijumaa, 6 Februari

Sijampigia.

Mimi ndiye niliyeliweka. Niandike hapa kwanza, mahali ambapo hakuna wa kunijibu.

Kabla ya ualimu nilikuwa karani wa majina katika ofisi ya ramani. Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Unafika kijijini, unaita wazee wawili, unaonyesha kilima, wanataja jina. Wewe unalirudia kwa sauti mbele yao. Wakikubali, unaandika. Wakicheka, unarudia mpaka wasicheke. Jina usilolitamka mbele ya wenyewe huruhusiwi kuliandika. Utaratibu mzuri. Sisi tuliotoka Bukoba tulikuwa tunayavunja majina ya Kisukuma kama vijiti.

Nilipangiwa upande ule wa Sengerema. Nilikuwa nimeshamwoa Kabula. Mmoja wa wale wazee wawili alikuwa baba yake. Na jiwe lile lina jina la babu aliyeanzisha ukoo, ambalo ndilo jina alilorithi baba mkwe.

Jina la mkwe halitajwi. Bibi yake Kabula alinifundisha siku ya kwanza nilipopelekwa pale nyumbani: jina la mkwe ni nguo yake, ukilitaja umemvua. Hata ukikutana na mtu baki mwenye jina hilohilo, unamwita kwa jina la mwanawe. Sijalitamka maisha yangu yote. Hata hapa siliandiki.

Mzee wa pili alitaja jina la jiwe. Baba mkwe alisimama kando akitazama ardhi. Ikawa zamu yangu kulirudia. Vijana walikuwa wamesogea. Nadhani walitaka kuona Mhaya msomi atapita wapi. Nikainama, nikajifanya nachonga penseli. Nikaacha pengo kwenye karatasi, nikasema twende kilima kinachofuata.

Ule uoga nausamehe. Yaliyofuata siyasamehe.

Jumapili, 8 Februari

Projesti, mwanangu, amelala nyumbani baada ya wiki nzima kazini. Ana malori yake ya kubeba mawe na kokoto. Huyaegesha Buhongwa kwa sababu hayawezi kupanda kilima chetu. Alileta sato wakubwa, Hilda akawachemsha kwa ndizi. Nimekula kidogo, bila chumvi. Chakula kisicho na chumvi ni adhabu.

Nikamuuliza anapakia wapi siku hizi.

"Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

Akaendelea kutoa miiba. "Kwa wajomba," akasema.

Nilijihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nikamuuliza kama anajua jiwe lile ni la nani.

"Baba, kila jiwe la Mwanza ni la babu wa mtu. Hii nyumba uliijenga juu ya babu wa nani?"

Hilda akamwambia aache. Hakuacha. Akasema asipopakia yeye atapakia Mchina, asipopakia Mchina atapakia mjomba Shija mwenyewe. Akacheka peke yake. Kisha, kwa sauti nyingine, akasema jambo ambalo nadhani lilimtoka tu. Siku walipofungua upande wa magharibi, tingatinga lilisukuma mawe madogo yaliyopangwa duara. Wafanyakazi walisita. Msimamizi akawaambia waendelee. Lori la Projesti lilikuwa linangoja zamu.

"Ulijua ni nini?"

"Sikuuliza. Ningeuliza ningeambiwa."

Hayo ndiyo makaburi ya ukoo; babu yake yumo ndani ya duara moja kati ya yale.

Nimemtazama akinawa mikono. Ana mabega ya Kabula. Hii ya kutouliza ameirithi kwangu.

Jumatano, 11 Februari

Usiku nilikohoa. Asubuhi nafuu. Niendelee.

Mkuu wa ofisi yetu alikuwa Mwingereza mzee aliyebaki kwa mkataba. Alipenda nasaba za maneno kama watu wengine wanavyopenda pombe. Yeye ndiye aliyeniambukiza. Siku moja alinieleza kwamba cape, neno lao la rasi, linatokana na Kilatini caput, kichwa. Nikamwambia rasi yetu nayo ni kichwa, kutoka Kiarabu. Akapiga meza kwa kiganja. Akaita wengine waje wasikie. Binadamu akiona nchi imechomoza, akasema, anaona kichwa chake mwenyewe. Sikuwahi kusifiwa vile na mtu yeyote, hata seminarini.

Wiki hiyohiyo nilimpelekea karatasi ya Sengerema. Akaweka kidole kwenye pengo. Hapa pana nini?

Ningeweza kuandika jina palepale. Karatasi haina masikio. Hapakuwa na mkwe chumbani, wala Msukuma hata mmoja. Utaratibu wa kulitamka ningeueleza, naye angeelewa. Badala yake nilisema: kopje tu, bwana.

Akatabasamu. Akafurahi kwamba nimelikumbuka neno na nimeliweka mahali pake. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri.

Kwa nini? Nimekuwa na majibu mengi. Nilimwambia Kabula kwamba ilikuwa heshima kwa baba yake. Aliridhika, au alijifanya kuridhika. Heshima ilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba nilitaka yule mzungu aone ninavyolijua neno lake. Na ukweli wa chini ya huo: niliona aibu. Sikutaka aniulize jina hilo ni la nani, nami nijibu ni la babu wa mke wangu, na kwamba baba mkwe wangu humwaga unga juu ya jiwe. Nilikuwa kijana wa seminari mwenye tai.

Nalijua neno la Makaburu mpaka kwa bibi wa bibi yake. Jina la nyumba niliyooa nililitupa kwa sentensi ya maneno matatu.

Jumamosi, 14 Februari

Nimempigia Shija. Nimemwambia yote, kwa mpangilio, kama ninavyofundisha. Hakunikatiza.

Nimemwambia na lile baya kuliko yote. Ramani ilipotoka, nilimpelekea baba mkwe nakala. Alivaa koti. Alimwita jirani aje ashuhudie. Hakujua kusoma. Akaniuliza, sisi tuko wapi hapa? Nikamshika kidole nikakiweka juu ya neno kopje. Nikamwambia: hapa, baba, mmeandikwa.

Alilipapasa lile neno. Kisha akamwambia mama mkwe atafute kitambaa kisafi.



"Kwa hiyo alikufa akijua ameandikwa serikalini," Shija akasema.

"Ndiyo."

"Na sisi tukamzika na furaha hiyo."

"Ndiyo."

"Baraza linakuja kukagua eneo mwisho wa mwezi. Utakuja kuyasema haya mbele ya watu, au ni ya simu tu?"

Nimesema nitakuja. Amesema sawa. Hakuniita shemeji hata mara moja.

Jumatano, 18 Februari. Majivu

Katekista ameniletea majivu nyumbani, na baadaye padri akaja kunisikiliza. Nimeungama. Ni kijana, anatoka Ukerewe. Alisikiliza vizuri, akaniondolea dhambi, akanipa sala za kutubu. Akiwa mlangoni akageuka. Akasema, mzee, Mungu amekusamehe, lakini Mungu hakuwa na kesi barazani.

Nimecheka mpaka nikakosa pumzi. Hilda akakimbia kunishika.

Jumamosi, 21 Februari

Ugomvi na Projesti. Hilda alimweleza kuhusu safari.

Alianza taratibu. Daktari amekataza safari ndefu. Nikamwambia ng'ambo si mbali, sasa kuna daraja. Akasema, basi tuseme kweli. Ukisimama pale ukasema hayo, machimbo yanafungwa. Malori yangu yatakula nini? Watoto wawili wa Hilda wanasoma.

"Watoto wa Hilda? Si wako pia?"

"Usinifundishe, baba. Ulitufundisha kwamba yale ni mambo ya kishenzi. Mama akitaka kwenda kumwaga unga ulikuwa unaficha funguo."

Kweli. Nilikuwa nimesahau. Nilizificha ndani ya kiatu.

Alitoka. Nilimsikia nje akimwambia Hilda kwamba mzee anataka kufa na moyo safi kwa gharama ya wengine. Hilda akamjibu kitu ambacho sikukisikia.

Hana kosa lote. Naogopa kwamba hana hata nusu.

Alhamisi, 26 Februari

Nimerudi. Niandike leo, kesho huenda sitaweza.

Asubuhi nilivaa suti. Hilda alikuwa ameshaita teksi. Projesti akatokea, akamlipa dereva usumbufu, akamrudisha. Akanibeba mpaka kwenye gari lake dogo. Tukapita Buhongwa, tukafika darajani. Maji pande zote mbili, meupe kama bati. Nilifikiri kusema neno la shukrani, nikaogopa atageuza gari.

Jiwe limebaki nusu. Nililikumbuka kama mnyama aliyelala. Sasa upande wa magharibi umekatwa wima, umeng'aa kama nyama mbichi. Chini yake vumbi jeupe na marundo. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa kwa heshima ya baraza. Watu wa ukoo walikaa upande mmoja, wafanyakazi wa machimbo upande wa pili. Projesti alisimama katikati, karibu na gari.

Shija aliniamkia. "Shikamoo." Baridi. Nikaitika.

Mwenyekiti wa baraza ni mwanamke wa makamo, mpole. Aliniruhusu nikae. Nimeeleza. Ofisi, utaratibu, pengo, mkuu wangu, neno. Nimeeleza pia kidole cha baba mkwe. Hapo wanawake wa ukoo waliinamisha vichwa.

"Unasema mahali hapa palikuwa na jina," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo."

"Litaje."

Shija akatazama chini. Wazee wote wakatazama chini, kunisitiri.

"Masunga," nikasema. "Jiwe la Masunga."

Karani akasema hakusikia. Nikarudia. Mwenyekiti akasema kwa sauti, mzee, wote wasikie. Nikarudia tena. Hakuna aliyecheka.

Wakili wa mwekezaji akasimama. Kijana safi, viatu vimejaa vumbi, akaniamkia kwa adabu.

"Mzee, wakati ule uliiambia serikali hapana jina. Leo unaliambia baraza lipo. Siku gani ulisema uongo?"

"Ile ya kwanza."

"Na leo unasema kweli kwa nini?"

"Kwa sababu nakufa."

"Wanaokufa nao wana mashemeji," akasema, akakaa. Upande wa machimbo wakacheka kidogo.

Kisha makaburi. Mwenyekiti akauliza yako wapi. Shija akaonyesha marundo ya mawe kwa mkono mzima, kama mtu anayeonyesha ziwa. Wakili akasema hapo pana kifusi tu. Mwenyekiti akaangaza macho huku na huku. Kuna mtu yeyote aliyeyaona makaburi kabla ya kufukiwa, au wakati wa kufukiwa, ambaye si wa ukoo? Yeyote?

Projesti alikuwa anatazama simu yake.

Nilijua. Nilikuwa nimekaa pale nimevaa suti ya kusema kweli, nami nilijua. Mwenyekiti alinitazama, labda kwa sababu nilisogea kwenye kiti. Nikatazama vidole vyangu.

Hapakuwa na shahidi. Karani akaandika hivyo.

Ijumaa, 27 Februari

Kitandani. Hilda ameniinua kwa mito mitatu. Nikilala chini nazama.

Shija amepiga simu. Nilidhani atanishukuru au atanitukana. Amesema wazee wamekaa. Nimetaja jina la mkwe hadharani, mara tatu, kwa kinywa changu. Kwa kutoliandika hawana faini, hilo halina kipimo katika desturi. Lakini kwa kulitaja kuna faini, nayo inajulikana: mbuzi dume mweupe.

Nikamwambia baraza ndilo lililoniamuru.

"Baraza halikuoa kwetu," akasema.

Mbuzi hapelekwi na mtu baki. Anapelekwa na mwenye kosa, au mwanawe wa kumzaa, mpaka mbele ya mwenye jina. Pale anasimama, anamsalimia, anaomba nguo irudishwe. Isipofanyika kabla sijafa, aibu inabaki kwa watoto wangu.

"Mbele ya mwenye jina," nikasema.

"Ndiyo, shemeji. Kaburini kwake."

Ameniita shemeji. Sijui kama anajua anachokiomba. Sijui kama anajua nani aliona nini.

Jumatano, 4 Machi

Nimejaribu kumalizia kopje kwenye kitabu. Nimeandika jinsi lilivyopanda kaskazini na wawindaji na wapima ardhi mpaka kwetu huku, mahali ambapo kila kilima kilikuwa tayari na mwenyewe. Nikafuta. Nikaandika tena. Sina nguvu ya kugombana na sentensi.

Alhamisi ile nilinyamaza mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, nilitaka sifa. Safari hii nilitaka nini? Kumlinda mwanangu. Linasikika vizuri. Lakini nilimlinda na nini? Nimemwachia kitu kilekile nilichokibeba mimi, na yeye ana miaka mingi ya kukibeba kuliko niliyobakiza.

Nimemwambia Projesti kuhusu mbuzi. Nimemweleza desturi, mpaka mwisho, mpaka mbele ya mwenye jina. Amenisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

Amesema, "Mimi?"

Nimesema, sina mtoto mwingine.

Ameondoka.

Jumatano, 11 Machi

Uamuzi umetoka. Shija amenisomea kwenye simu, polepole.

Baraza limekubali kwamba jiwe lina jina na ni mahali pa desturi ya ukoo. Nusu iliyobaki isiguswe. Kuhusu makaburi, hakuna uthibitisho wa mahali yalipo, kwa hiyo mwekezaji anaweza kuendelea kusaga kifusi kilichokwisha kuchimbwa upande wa magharibi mpaka kiishe.

Wanasaga kifusi. Baba mkwe yuko chini ya kifusi.

"Tumeshinda nusu," Shija amesema.

Nimepumua tu, akawa anasikiliza ninavyopumua.

Jumamosi, 14 Machi

Asubuhi nilisikia mbuzi uani. Nilidhani naota. Hilda akafungua dirisha. Projesti alikuwa anamfunga nyuma ya gari, mbuzi dume mweupe, ana doa moja dogo jeusi sikioni. Nilitaka kumwambia kuhusu doa. Nikaacha.

Amerudi jioni. Suruali nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Ameoga kwanza. Kisha amekaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, akanieleza akitazama ukuta.

Wazee walimpokea. Shija akamwambia, haya, mpeleke kwa babu yako. Akauliza wapi. Shija akasema, sisi hatujui tena, kila kitu kimesukumwa, tumebaki tunakisia. Akampa kamba ya mbuzi, akangoja.

Projesti anasema alisimama pale na mbuzi anavuta. Mashine ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akatembea. Alijua lori lake liliegeshwa wapi siku ile, na tingatinga lilitokea upande gani. Alihesabu kwa kumbukumbu, akapanda rundo, akashuka upande wa pili. Akasimama. Akasema, hapa. Yalikuwa yamepangwa duara. Niliyaona mimi.

Shija akamuuliza kama atalisema hilo tena mbele ya mwenyekiti.

Akasema atalisema.

Kisha wakamfundisha maneno ya kusalimia, akayarudia kwa Kisukuma chake kibovu. Anasema wanawake walicheka, naye ikabidi arudie mpaka wasicheke.

Jumatatu ana miadi na mwenyekiti wa baraza, ili uamuzi wa kifusi uangaliwe upya. Kesho anakwenda Buhongwa kuwaambia madereva wake.

Sikumpongeza. Nilimshika mkono, akaniachia nikaushika. Hatujafanya hivyo tangu alipokuwa shule ya msingi.

Jumapili, 15 Machi

Mvua ndefu asubuhi. Mapaa yote ya Igogo yanapiga kelele, halafu kimya, halafu inaanza tena. Sikwenda misa, wala sikuifuatilia redioni.

Shija amepiga simu. Ameniambia nyama imegawanywa na mgongo wamenihifadhia, ingawa anajua sitaula. Ameniambia wameweka vijiti kuzunguka mahali alipoonyesha Projesti. Kesho watasimama pale na mwenyekiti.

Akaniuliza napumuaje.

Nikamwambia kidogo kidogo.

"Basi, shemeji," akasema, "usiongee."

Hakukata. Nikabaki na simu sikioni, kila mmoja akasikiliza mvua ya upande wa mwenzake.